Ukuta wa Majaribio wa Fundi Mabaki

Nyumba yake ina vyumba vitatu na rangi kumi na moja. Mlango wa mbele ni buluu ya zahanati, kwa sababu kopo lilibaki zahanati ilipokwisha kupakwa. Madirisha ni kijani cha benki. Chumba cha kulala kina kuta mbili za krimu, mmoja wa waridi, na mmoja ulioanza na waridi ukamalizikia krimu, maana kopo liliishia njiani. Choo ni chekundu, chekundu hasa, na kila mgeni akitoka humo lazima aulize. Fundi hujibu kwa upole kabisa, "Mwenye baa alibadili mawazo."

Ndiyo maana watu wakamwita Mabaki, naye hakukasirika. Kwa wasioijua kazi ya rangi, mambo huwa hivi: mwenye nyumba hununua makopo kumi, fundi hutumia tisa na nusu, na ile nusu humwagwa au hukaukia stoo. Mabaki akimaliza kazi alifagia sakafu, akakunja magazeti aliyotandika chini, kisha akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Mzee, hii nusu kopo ina mwenyewe?" Hakuwahi kuchukua kabla ya kuuliza. Kwa miaka ishirini alikataliwa na mama mmoja tu, na baada ya mwezi mama yule alimpigia simu aje aliondoe kopo lake, linamnukia jikoni.

Alikuwa na mambo yake mengine. Brashi yake kubwa ilitimiza miaka tisa, nywele zimeisha zikabaki fupi kama ndevu za juzi. Chakula cha mchana alikibeba ndani ya kopo la rangi lililosuguliwa mpaka likang'aa. Kazini alikwenda kwa miguu, ngazi begani. "Nauli yangu ninayo," alisema, "ila kondakta anataka na ngazi ilipe." Na kitu chochote cha kununua, alilipita duka lake mara tatu kwa siku tatu: siku ya kwanza kukitazama, ya pili kuuliza bei, ya tatu kujiuliza kama bado anakitaka. Redio aliipita hivyo hivyo mwaka mzima, mwishowe akaona haina haja, maana ukuta wa jirani ni mwembamba na jirani anapenda taarifa ya habari.

Mke wake alishazoea. "Hata mimi alinipita mara tatu," husema akicheka. "Ya nne baba yangu akatoka nje kumuuliza amepoteza nini."

Msimwone bahili, jamani. Jirani akiugua, Mabaki alikuwa wa kwanza kutoa mchango, na alitoa bila kulipita duka hata mara moja. Alibana kwake ili apate mahali pa kuachia, na mahali penyewe palikuwa pamoja tu: binti yake alikuwa anasomea uuguzi, chuo cha miaka mitatu. Siku alipopata nafasi tu, kabla hajashika hata bomba la sindano, mtaa mzima ukaanza kumwita Nesi, na mama yake akawa Mama Nesi.

Ada ya chuo hulipwa kwa muhula, yote kwa pamoja. Mabaki alijijua. "Pesa ikifika nyumbani," alisema, "inakuta watu wanaoijua kwa jina." Kwa hiyo kila alipolipwa hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mpaka dirisha la karani wa chuo, rangi bado iko masikioni, akasukuma alichonacho. Mara ya kwanza karani alimrudisha. Mara ya pili akamrudisha kwa kusonya. Mara ya tatu akacheka, akamfungulia ukurasa wake peke yake. "Wewe baba," alimwambia, "utanilipa mpaka sarafu za chenji." "Nikizipata," akajibu Mabaki.

Sasa kuna ukuta mmoja ambao sijautaja, nao ndio wenye hadithi. Uko sebuleni, unatazamana na mlango. Mabaki aliuita ukuta wa majaribio. Rangi ikiwa bado mbichi hudanganya, ikikauka ndipo unaiona ilivyo. Basi kabla ya kwenda kupaka nyumba ya mtu, alipiga brashi mara moja kwenye ukuta ule, mstari mmoja wa upana wa mkono, akaulaza, asubuhi akaukagua kwa mwanga wa mlangoni. Kazi moja, mstari mmoja. Mistari ilisimama bega kwa bega kutoka sakafuni hadi darini, buluu, kahawia, njano, zambarau ya saluni. Nesi alijifunzia kuhesabu hapo.

Mambo yalianza Jumatatu moja ya mwaka wa mwisho wa chuo. Simu ilikuja kutoka kwa familia ya kijana aliyekuwa anampenda Nesi, kijana fundi wa friji, mtaratibu. Mama yake na baba yake mkubwa walitaka kuja Jumapili kuonana na wazazi na kuzungumza habari za harusi. Chai haijapoa, dada yake Mabaki akawa ameshafika. Huyu ni Shangazi, na Shangazi habari haimpiti, labda yeye aipite.

"Kaka," alisema hata hajakaa, "Jumapili wageni watakalia nini?"

"Viti."

"Viti gani? Hiki kina miguu mitatu na tofali!"

"Tofali halijawahi kulalamika."

"Na hili?" Shangazi aliuonyesha ukuta wa majaribio kwa mkono mzima, kama anaonyesha ajali. "Huu ni ukuta au shati la mwendawazimu? Watu wazima waje wakae hapa watazame mistari? Watasema tunawaoza mtoto wa kiwandani!"

"Wifi, hapo sikupingi," alisema Mama Nesi taratibu, bila kumtazama mumewe.

Shangazi alikuwa na mpango kamili. Kuna mtu anakodisha makochi kwa siku, analeta na kuyachukua. Kununuliwe rangi mpya, moja, sebule nzima. Mapazia. Soda za kutosha. Akataja jumla yake, na jumla ile ilikuwa karibu sawasawa na ada iliyobaki ya muhula wa mwisho. Orodha ya watakaofanya mtihani ilikuwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Ambaye hajamaliza ada angengoja mwaka mwingine. Naye Mabaki alikuwa anatazamia malipo ya kazi moja tu, ghala alilokuwa analimalizia, Jumatano.

"Si umwambie karani angoje?" alisema Shangazi. "Si rafiki yako yule?"

"Karani ni rafiki. Orodha haina rafiki."

Hapo Nesi, aliyekuwa ameegemea mlango wa jikoni, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, naweza kungoja mwaka."

Wote wakamgeukia.

"Kwao kuna vigae, baba," akasema. "Mpaka jikoni."

Mabaki alichukua kofia yake akatoka, akaenda kumalizia ghala la watu.

Jumatano akalipwa jioni, dirisha la karani limeshafungwa. Alhamisi asubuhi alikuwa barabarani na pesa ndani ya soksi, na kwa mara ya kwanza maishani alilipita duka moja mara tatu asubuhi moja. Lilikuwa duka la rangi. Alipita akaona makopo mapya yamepangwa dirishani, vifuniko vinameta. Akafika kona, akarudi, akauliza bei. Akafika kona tena, akarudi, akasimama. Muuzaji akamwambia, "Fundi, ingia basi, utanimalizia kizingiti." Mabaki akatikisa kichwa, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akahakikisha soksi iko salama, akaondoka zake kwenda chuoni.

Karani aligonga muhuri. "Umemaliza, baba," alisema. "Mtoto yumo kwenye orodha." Kisha akatoa mkono nje ya dirisha akamshika mkono, rangi na yote.

Chenji iliyobaki ilikuwa ndogo: ya sukari, majani ya chai, maziwa na mikate, basi. Lakini Mabaki alikuwa amemwona mke wake akiutazama ule ukuta, na sura ile ilimkaa moyoni. Akashusha makopo yote ya mabaki kutoka darini. Rangi za maji alizichanganya kwa subira, kidogo hiki, kidogo kile, mpaka akapata krimu moja safi ya kutosha kuta tatu. Ukuta wa nne, ule wa majaribio, ukakosa. Iliyobaki ilikuwa rangi ya mafuta tu, nzito, ya mageti. Hiyo nayo akaichanganya mpaka ikafanana na krimu ya wenzake. Lakini rangi ya mafuta ikiwa nzito hivyo inataka tina, ile dawa ya kuilainishia, na chupa yake ya tina ilikuwa tupu. Chupa moja ya tina ilikuwa bei ya sukari na maziwa.

Hapa ndipo fundi wa miaka ishirini alipofanya jambo ambalo mwanafunzi wa siku mbili hukatazwa. Kila mteja, yeye ndiye aliyekuwa akimwambia, kidole juu: "Usithubutu kuichanganya na mafuta ya taa. Italainika, itapakika, haitakauka." Yeye mwenyewe akaenda jikoni, akachukua chupa ya mafuta ya taa ya jiko, akamimina. Mama Nesi alimwona.

"Si unasemaga..."

"Kidogo tu, mke wangu. Na leo ni Alhamisi."

Ukuta ukapakika vizuri mno. Mistari yote ikazama. Mama Nesi alisimama mlangoni akaweka mikono kifuani, na Mabaki akajiona tajiri. Halafu ikaanza mvua. Ikanyesha Ijumaa. Ikanyesha Jumamosi. Jumapili asubuhi Mabaki aliugusa ukuta kwa kidole, kidole kikarudi na krimu.

"Je?" aliuliza mkewe.

"Unafikiria," alisema Mabaki.

Basi sebule ikapangwa kama ngome. Viti viliazimwa kwa majirani, vikawekwa mbali na ukuta, na kati yake ikawekwa meza ndogo. Upande ambao meza haikufika, aliketi Shangazi mwenyewe kama mlinzi, mgongo umenyooka. Nesi aliambiwa kazi yake ni chai na kuwavuta wageni mbele. Harufu ya mafuta ya taa waliizima kwa kufungua madirisha yote.

Wageni wakafika saa nane. Mama wa kijana alikuwa mwembamba, mtulivu, mkoba ameukumbatia magotini. Baba Mkubwa alikuwa mtu wa mwili, koti la kijivu limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyeitegemea: akiwaza, hukiegemeza kiti nyuma mpaka kinasimama kwa miguu miwili.

"Shemeji, karibu chai, sogea mbele kidogo," alisema Mama Nesi.

Akasogea. Akanywa. Akawaza. Kiti kikaenda nyuma.

"Baba Mkubwa, mkate huu hapa," alisema Nesi, akaushika mbali ili aufuate.

"Hapa mnamlisha mgeni kama kuku," alicheka Baba Mkubwa, "mnamtupia ili asogee." Lakini akasogea.

Wakazungumza afya, wakazungumza mvua. Mabaki jasho lilikuwa linamtoka kwenye nyusi. Hatimaye Baba Mkubwa akaweka kikombe chini. "Sasa, wazazi wenzetu. Harusi mliifikiria ya watu wangapi?"

Mabaki akafungua mdomo. Shangazi akawahi. "Mia tatu," alisema. "Upande wetu peke yake."

Mama wa kijana alimeza mate, wote wakaona. Baba Mkubwa akawaza. Kiti kikaenda nyuma, kikapita pembeni mwa meza, kikapita Shangazi aliyekuwa bado anajivunia ile mia tatu, na mgongo mpana wa kijivu ukatua ukutani, ukatulia.

Mvua tu ilisikika.

Baba Mkubwa alipotaka kuinuka, koti likakataa. Akavuta. Ukuta ukavuta. Kikatoka kimlio kirefu kama cha plasta ikibanduliwa, akaja mbele akiwa na krimu mgongo mzima, kutoka bega hadi bega.

"Ni rangi ya kisasa," alisema Shangazi haraka. "Ndivyo inavyokuwa."

"Nyamaza, dada yangu," alisema Mabaki. Alisimama, akavua kofia. "Mzee, nisamehe. Si rangi ya kisasa. Ni mimi. Nilitia mafuta ya taa kwa kuwa sikuwa na pesa ya tina. Miaka ishirini nawakataza watu, na leo nimejifanyia mwenyewe, nimekuchafulia koti."

Baba Mkubwa alivua koti, akaliangalia kwa muda. Lakini mama wa kijana hakuwa analitazama koti. Alikuwa anatazama ukutani. Mahali mgongo ulipobandukia, krimu ilikuwa imeondoka nao, na chini yake mistari ilikuwa imetokeza, mabega mawili mapana ya buluu, njano, kahawia, zambarau na kijivu.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Uchafu wa zamani tu," alisema Shangazi.

"Si uchafu," alisema Mabaki. Akasogea, akaweka kidole karibu bila kugusa. "Hizi ni kazi zangu, mama. Hii buluu ni zahanati. Zahanati ililipa muhula wa kwanza wa mtoto, karibu wote. Hii njano ni shule ya chekechea, hii ndiyo iliyolipa viatu vyeupe vya wodini na sare. Zambarau ni saluni, walinilipa kwa mafungu mawili, nusu leo nusu kesho. Hii ya kijivu pembeni ni ghala, la Jumatano. Ghala limemaliza ada. Nilikuwa na pesa ya kununua rangi ya kuwapokelea ninyi, sikatai. Niliipeleka chuoni Alhamisi, kwa sababu Ijumaa walikuwa wanafunga orodha. Ukuta nikauacha ujitegemee."

Nesi, pale mlangoni mwa jikoni, alikuwa ameshika sinia tupu. Macho yamemjaa, lakini hakuondoka.

"Na hiyo mia tatu," alisema mama wa kijana polepole, "ni ya nani?"

"Ya Shangazi," alisema Mama Nesi.

"Jamani!" alisema Shangazi. "Nilidhani na ninyi mnataka!"

Mama wa kijana alifungua mkoba, akatoa leso, akacheka ndani yake mpaka mabega yakatikisika. "Mwanangu," alisema alipoweza, "ameshanitajia kuuza pikipiki anayoendea kazini. Anasema watu wenye binti nesi hawatakubali harusi ndogo. Wiki nzima silali, nawaza, akiuza pikipiki friji za watu atazifuata na nini?"

"Na vigae?" aliuliza Nesi ghafla, kabla hajajizuia.

"Vigae ni vya mwenye nyumba, mwanangu. Sisi tumepanga."

Wakamgeukia Baba Mkubwa, maana neno lake ndilo lililokuwa limebaki. Alikuwa bado ameshika koti. "Hayo mafuta ya taa yamebaki mengine?" aliuliza.

"Yapo."

"Basi leteni, yaliyonichafua yenyewe yanisafishe." Na kweli, kitambaa kikilowekwa mafuta yale yale kilitoa krimu yote, Mabaki akisugua kwa ustadi, kutoka pembeni kuja katikati ili isitapakae. Baba Mkubwa akalivaa tena koti lililonuka kama jiko. "Hapa sasa," alisema, "asiwashe mtu kiberiti mpaka tumalize mazungumzo."

Wakamaliza. Watu arobaini. Viti vya nyumba mbili na vya majirani. Mtihani kwanza, harusi baadaye, na pikipiki isiguswe. Shangazi aliomba walau hamsini, akapewa arobaini na watano ili aache kununa.

Nesi alifanya mtihani, akafaulu. Harusi ilifanyika uani, ikapendeza, na Baba Mkubwa alipoingia sebuleni kusalimia alikwenda kukaa pale pale chini ya alama ya mgongo wake, akasema anarudi mahali pake. Ukuta ulikuwa haujakauka vizuri bado. Baada ya harusi Mabaki aliusugua wote, siku mbili, mpaka mistari ikarudi, mmoja baada ya mwingine, na Mama Nesi alileta kiti akakaa akitazama, hakusema tena habari ya kuufunika.

Tabia zake hazikubadilika sana. Bado anatembea na ngazi yake, bado anauliza kama nusu kopo ina mwenyewe. Ila chupa ya tina sasa haikosi, imekaa rafu moja na dawa za homa, mahali pa vitu ambavyo havibaniwi.

Nesi alipopata mshahara wake wa kwanza hospitali, alimletea baba yake kopo jipya la rangi, kubwa, krimu, halijawahi kufunguliwa. La kwanza la namna hiyo kuingia katika nyumba ile. Mabaki alilipokea kwa mikono miwili. Akaliweka juu ya meza, akalipita asubuhi akienda kazini, akalipita jioni akirudi, kesho yake akalipita tena.

"Baba, lifungue basi," Nesi alimwambia alipokuja kuwatembelea miezi mitatu baadaye.

"Nitalifungua," alisema Mabaki, akalipangusa vumbi kifuniko. "Nangoja nipate mabaki ya kulichanganyia."